Mfuko Aliyekuwa na Mkia

Fundi cherehani huyu mtaani walimwita Pasi, na si kwa sababu ya pasi iliyokaa mezani kwake tangu asubuhi hadi jioni. Walimwita hivyo kwa tabia. Alikuwa mwepesi wa kupata moto, na akishapata moto hagusiki. Ukimwacha kidogo anapoa, na akipoa hana kinyongo na mtu. Mkewe, ambaye upande wa mbele wa duka hilohilo aliuza vifungo, zipu na uzi, alikwishajifunza kutobishana naye kabla hajapoa. Alikuwa akijipa kazi ya kupanga vifungo kwa rangi, na Pasi akiona vifungo vinapangwa alijua kwamba amepita mpaka.

Walikuwa na mtoto mmoja, binti wa darasa la sita. Nyumbani walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa jinsi alivyokuwa akipita mahali bila sauti. Familia ilihamia mji ule mwanzoni mwa mwaka, na hadi sasa hakuna rafiki hata mmoja aliyewahi kuja kubisha hodi kumtafuta. Alikwenda shule, akarudi, akafanya kazi zake za darasani kwenye kona ya meza ya kukatia vitambaa. Ukimuuliza habari za shule alijibu kwamba ni nzuri, na hapo ndipo mazungumzo yalipofikia kikomo.

Siku moja akarudi na, huku akifungua kamba za viatu, akasema kwamba mwalimu wa sayansi anaandaa mchezo wa kuigiza kuhusu wanyama, na kwamba yeye ataigiza mfuko.

Pasi akauliza ni mfuko gani. Sindano akasema ni mnyama wa baharini, lakini ukimtazama ni kama mfuko tu, anakaa juu ya jiwe. Pasi akataka kujua wenzake wamekuwa nani. Kuna papa, akaambiwa, kuna chatu, kuna popo, kuna nyangumi, na mvulana mmoja mrefu wanayemwita Ngongoti amekuwa tai.

Mguu wa Pasi ukasimama juu ya pedali. Binti alipoingia ndani kubadili nguo, baba alikuwa amekwisha kuiva. Akamwambia mkewe kwamba ameshaelewa kila kitu. Watoto wa wenyeji wamegawana papa na tai, na mtoto wa mgeni wamemfanya mfuko. Yaani hata mnyama mwenye miguu wamemnyima.

Mkewe akamwambia amuulize kwanza mtoto kama ameumia.

"Cha kuuliza ni nini?" Pasi akasema. "Si umeona alivyonyamaza?"

"Huyu hunyamaza hata akifurahi," mkewe akajibu, akavuta kikopo cha vifungo.

Lakini Pasi hakuviona vifungo. Kesho yake asubuhi alivaa shati lake la kola ngumu akafunga safari kwenda shuleni.

Mwalimu wa sayansi alikuwa mama wa makamo, miwani yake ikining'inia shingoni kwa uzi, na mikono ya gauni imejaa vumbi la chaki. Chumba chake kilikuwa na rafu ya chupa zenye vyura na mijusi waliohifadhiwa, na mezani kulikuwa na mifupa ya samaki iliyopangwa vizuri hata ungesema samaki ameondoka kwa muda tu, ataifuata baadaye. Akampokea mgeni kwa heshima, akamwonyesha kiti. Akaanza kumweleza kwamba mchezo unahusu ukoo mkubwa wa wanyama waitwao kodata, na kwamba ukoo huo hautambulikani kwa manyoya wala kwa meno bali kwa alama nne. Pasi alisikiliza kwa sikio moja. Akasema habari za kitaalamu hana ugomvi nazo. Ugomvi wake ni kwamba binti yake ana uti wa mgongo kama watoto wengine, na hakuna sababu ya kumfanya kitu cha kubebea viazi.

"Lakini mzee, mtoto mwenyewe..." mwalimu akaanza.

Pasi akamkata kauli. Akaeleza uchungu wa kuhama, akaeleza mtoto mpole anavyoonewa, akaeleza hata mambo ambayo hayakutokea lakini yangeweza kutokea. Mwalimu akajaribu tena kumtaja mtoto, akakatwa tena. Kengele ikalia, darasa likawa linamsubiri mlangoni. Mwalimu akashusha pumzi. Akasema basi, Sindano awe tai, na Ngongoti awe mfuko.

"Lakini siku nyingine ukija," akaongeza, "uje na masikio yote mawili."

Pasi hakulijali neno hilo. Alirudi nyumbani akipiga mluzi. Akatoa kipande kizuri cha bitana ya kahawia alichokuwa amekiweka kwa ajili ya koti lake mwenyewe, akakikunja marinda, akakishona kwa safu safu mpaka kikawa mbawa mbili ambazo hata tai halisi angezionea wivu. Binti aliporudi akamvalisha palepale dukani. Sindano akainua mikono, mbawa zikafunguka, wateja wawili wakasifu. Akasema, "Ahsante, baba." Akazivua taratibu, akazitundika kwenye msumari, akaingia chumbani. Wakati wa kula alisema ameshiba, na hakuna aliyemwona akila.

Mama yake akamfuata chumbani, akakaa huko kitambo. Alipotoka alisimama mbele ya cherehani, mikono kiunoni.

"Aliomba mwenyewe," akasema.

Pasi hakuelewa. Mkewe akamfafanulia. Mwalimu alipomtaja huyo mnyama wa mfuko na kuuliza nani anamtaka, darasa zima lilicheka. Sindano ndiye aliyenyoosha kidole. Tangu waanze maisha katika mji huu hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kunyoosha kidole darasani, na alikuwa amekwisha kuyashika maneno yote ya sehemu yake.

Ile pasi ikapoa kama iliyotumbukizwa kwenye ndoo ya maji. Pasi aliangalia mbawa zake msumarini, akatamani ardhi ipasuke. Akanyanyuka, akaenda kukaa kwenye ukingo wa kitanda cha binti yake, akamwomba amweleze huyo mnyama ni nani hasa.

Mwanzoni Sindano alijibu kwa mkato. Halafu sauti ikaanza kushika njia. Alieleza kwamba mnyama huyo akiwa mchanga anafanana na kiluwiluwi wa chura. Ana mkia, anaogelea, na ndani ya mkia ana kijiti laini kinachopinda bila kuvunjika, kinachoitwa notokodi. Juu ya kijiti kuna uzi wa neva wenye uwazi ndani kama bomba, na kooni ana mianya. Siku ikifika anatafuta jiwe, anajibandika kwa kichwa, anaufyonza mkia wake pamoja na kijiti chake, na kuanzia hapo anabaki mfuko unaovuta maji na kuyatema. Watu wa zamani walimhesabu pamoja na kina konokono. Hawakujua ni jamaa yetu mpaka mtu mmoja alipopata wazo la kumchunguza mtoto wake.

"Yetu sisi?" Pasi akauliza.

"Sisi na samaki na ndege na wote. Sote tumewahi kuwa na kijiti, baba. Hata wewe. Ulikuwa na mkia pia, tumboni mwa bibi."

Kutoka nyuma ya pazia mkewe akasema kwamba hilo yeye alikuwa akilishuku siku nyingi.

Lililomshangaza Pasi zaidi ya mkia ni kwamba hakuwahi kumsikia mtoto wake akizungumza kwa mfululizo namna ile. Akasema, "Nimekukosea, mama. Nilipaswa kukuuliza." Sindano akasema si neno, lakini machoni ilionekana wazi kwamba ni neno.

Basi asubuhi Pasi akarudi shuleni, safari hii na masikio yote mawili. Akamweleza mwalimu kosa lake bila kulipamba, akaomba mambo yarudishwe kama yalivyokuwa. Mwalimu hakumcheka. Alisema kwamba Ngongoti naye tangu jana hana raha. Wakati wa mazoezi alikaa chini ya meza akakataa kutoka, akidai kwamba mfuko halisi hukaa mahali unapowekwa. Hata hivyo, akasema, yeye hatabadilisha tena kwa neno la mzazi, maana wazazi wako wengi na kila mmoja ana tai wake. Mtoto aje aombe mwenyewe, mbele ya wenzake.

Pasi akauliza kama anaweza kumsemea.

"Huwezi," mwalimu akasema.

Akainuka kuondoka, mkono mmoja kiunoni, kwani mgongo ulikuwa ukimsumbua kwa ajili ya kuinamia cherehani. Mwalimu akaliona hilo, akamwambia kwamba kijiti kile cha utotoni hakipotei chote. Mifupa ya uti inapokua inachukua nafasi yake, lakini kati ya pingili na pingili kunabaki kitu laini, na ndani kabisa ya kile kitu laini ndimo masalia ya kijiti yalimo. Ndiko watu wengi wanakoumwa.

"Basi kinachoniuma ni ukoo," Pasi akasema, na mwalimu akacheka mpaka miwani ikamrukaruka kifuani.

Kwa huruma, au kwa sababu ya kicheko kile, akamruhusu akae kwenye benchi chini ya dirisha la darasa. Pasi akamnong'oneza binti yake mlangoni sharti la mwalimu, kisha akaenda kukaa. Alisikia viti vikisogezwa, akasikia mwalimu akisema kwamba kuna mwenzao ana jambo. Kisha kimya. Kimya kile kilimla fundi wa watu. Mara mbili alinyanyuka nusu, mara mbili akajirudisha chini kwa nguvu. Hatimaye sauti ya binti yake ikapita dirishani, ndogo lakini nzima.

"Naomba nirudishiwe mfuko," Sindano akasema. "Sitaki kuwa tai. Tai kila mtu anajua ni nani. Mfuko watu wakimwona wanasema huyu si wetu, na yeye anajua kwamba ni wa kwao. Nataka kuwa mimi nitakayewaambia."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu akamuuliza Ngongoti anasemaje. Ngongoti akasema yeye hana tatizo hata kidogo, ila angependa kujua kama tai anarudi na zile mbawa ambazo watu wanazisema, au anarudi mtupu. Sindano akajibu kwamba anarudi na mbawa. Hapo darasa likacheka, lakini kilikuwa kicheko cha namna nyingine, na Pasi chini ya dirisha akajikuta anafuta macho kwa kola ngumu ya shati lake.

Kazi ya kushona mfuko ilianza siku hiyohiyo, na haijawahi kutokea dukani mwao kazi yenye mabishano kama ile. Mfuko wenyewe haukuwa tabu: kitambaa kizito cha rangi ya udongo, matundu mawili juu, moja la kuingizia maji na moja la kutolea. Kwenye koo Pasi alikata mianya, akaiwekea neti ya pazia ili maji, kama yangekuwapo, yapite. Shida ilikuwa mkia. Sindano alitaka mkia ukae umekunjwa ndani, kisha utoke wakati wa kueleza habari za utotoni. Kwa kijiti Pasi alichukua ile mistari ya plastiki inayosimamisha kifua cha gauni la bibi harusi, maana hupinda na kunyooka bila kuvunjika. Akashona bomba jembamba la kitambaa cheupe liwe uzi wa neva, akaanza kulipachika chini ya kijiti.

"Baba, uzi wa neva unakaa juu ya kijiti," Sindano akasema. "Ukiuweka chini nitakuwa panzi, yeye ndiye uzi wake umepita tumboni."

Pasi akafumua. Alifumua tena alipoambiwa kwamba mkia lazima upite mbali kuliko pale utumbo unapoishia, kwani hiyo ndiyo alama ya nne, na mkia wa nyoka na wa paka unafuata sheria hiyohiyo. Mteja mmoja aliyekuja kuchukua suruali yake alikuta mzozo huo, akaketi kusikiliza, akasahau suruali. Mama naye akatoa kifungo cheusi kinachong'aa kuliko vyote kwenye kikopo, kikawa jicho, kwani mtoto wa mfuko ana jicho japo mfuko aliyekomaa hana. Ngongoti alipita kujaribu mbawa. Siku ya pili akapita tena, eti bawa la kushoto linabana. Siku ya tatu hakutoa sababu yoyote. Alibisha hodi tu, akauliza Sindano yupo.

Siku ya mchezo ilikuwa Jumamosi alasiri. Ukumbi wa shule ulijaa wazazi hadi wengine wakakaa madirishani. Jukwaani palisimama mlango wa ubao, na mbele ya mlango bawabu mwenye kofia, ambaye kazi yake ilikuwa kumruhusu kila mwenye alama nne aingie katika nyumba ya ukoo.

Papa alikuja wa kwanza akaulizwa mbona hana mfupa hata mmoja. Akajibu kwamba gegedu nayo ni heshima, akaonyesha mianya yake ya koo, akapita. Chura akaingia na hadithi ya maji na nchi kavu, chatu akaingia na magamba yake akilalamika kwamba kila mara anaulizwa miguu. Tai alipofungua mbawa ukumbi ulishangilia, na Pasi akajifanya anatafuta kitu chini ya kiti. Popo alitaka kukaa na ndege. Akakumbushwa nywele za mwili wake na maziwa aliyonyonya, akapelekwa kwa mamalia. Huko akamkuta nyangumi, naye ametolewa kwa samaki kwa kosa hilohilo. Pweza akaja na mikono yake minane, akajieleza kwa akili nyingi kuliko wote, lakini hana kijiti, hana uti, na bawabu kwa masikitiko akamrudisha.

Ndipo mfuko ulipoingia, ukijivutavuta, ukakaa katikati ya jukwaa. Watu wakacheka. Bawabu akamwambia nyumba ya konokono iko mtaa wa pili. Wanyama wote wakamwambia aende zake.

"Siendi," ikasema sauti kutoka ndani ya mfuko, na Pasi akamkamata mkewe mkono. "Mnanitazama nilivyo leo. Hakuna aliyeniuliza nilivyokuwa utotoni."

Sindano akavuta uzi. Sasa, wakati wa mazoezi mkia ulikuwa ukitoka kwa adabu. Lakini siku hiyo ulikuwa umekunjwa tangu asubuhi, na ile plastiki ya gauni la harusi ilikuwa imejaa hasira. Ulifyatuka wote kwa mara moja, ukachapa hewa, ukaipiga kofia ya bawabu ikaruka mpaka safu ya walimu. Bawabu akasahau maneno yake. Pasi akafumba macho, akijua kwamba ameiharibu siku ya mtoto kwa mikono yake mwenyewe.

"Samahani, bawabu," sauti ikasema bila haraka. "Hata utotoni nilikuwa mtundu."

Kicheko kilichofuata kilitikisa mabati. Sindano akangoja kiishe, akatoa kichwa kwenye tundu la juu, akaanza kuonyesha kwa kidole: hiki kijiti, huu uzi wa neva juu yake, hii mianya, na huu mkia, ambao mmeshakutana nao. Mwanafunzi aliyeigiza binadamu akapinga kwamba yeye hana mkia wala mianya, basi na yeye atolewe? Sindano akamgeukia.

"Ulikuwa nao tumboni mwa mama yako," akasema. "Wewe ulisahau wako, mimi nilikula wangu. Tofauti yetu ni hiyo tu."

Bawabu, ambaye sasa hakuwa na kofia ya kuvua, aliinama tu, akafungua mlango. Wanyama wakampisha. Tai ndiye aliyemshika mkono, kwa sababu mfuko ule ulikuwa mzito na haukuwa na miguu ya maana.

Baada ya hapo wazazi walimzunguka mwalimu, na mwalimu akamsukuma Pasi mbele yao akisema kwamba huyu ndiye aliyeshona. Mama mmoja akataka kujua kama anaweza kumshonea gauni, ila lisiwe na hasira kama ule mkia. Pasi alijibu watu wote kwa upole, lakini macho yake yalikuwa yakimtafuta binti yake, na hakumwona.

Mkewe ndiye aliyemwonyesha. Kule kwenye ngazi za ukumbi Sindano alikuwa ameketi kati ya papa, popo na Ngongoti, wanabishana kama pengwini ni ndege wa kweli au la. Papa alisema asiyeruka si ndege. Sindano alikuwa akimjibu kwa mikono miwili, anamhesabia manyoya, mdomo, mayai, na alikuwa akipaza sauti.

Pasi akataka kumwita waende nyumbani. Mkewe akamvuta shati.

"Muache," akasema. "Njia anaijua."

Wakatangulia wao wawili, yeye amebeba mfuko begani na mkewe amekunja mkia kwapani. Walifika, wakafungua duka, wakabandika maji ya chai. Chai ikaiva, ikanywewa, ikabandikwa nyingine, na mtoto bado hajafika. Pasi alichungulia barabarani, akarudi, akachungulia tena. Kisha wakamsikia kabla hawajamwona, yeye na wenzake watatu, wakija na ubishi wao tangu kule kwenye kona, na mama akainuka kuongeza vikombe.